Sauti Tamu na Sauti ya Kweli: Mabishano ya Barazani Mutanga Sud

Mtaa wa Mutanga Sud uko upande wa juu wa mji wa Bujumbura, jirani na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Mtu akiketi barazani huko wakati wa jioni, huliona Ziwa Tanganyika chini yake, na ng'ambo ya ziwa huiona milima ya Kongo, ambako jua huenda kuzama. Ni saa ambayo watoto wamekwisha oga, chungu kiko motoni, redio inazungumza peke yake ndani, na wakubwa hupata nafasi ya kunyoosha miguu na kubishana.

Katika baraza moja ya mtaa huo, nyumbani kwa sajini mstaafu wa jeshi, majuma machache kabla ya tarehe 2 Novemba, yalizuka mabishano ambayo mwandishi wenu aliona si haki kuyaacha yapeperuke na upepo wa ziwani. Tarehe hiyo ndiyo siku ambayo Wakatoliki huwakumbuka marehemu wao. Majina ya marehemu husomwa kanisani, na zaburi huimbwa na sauti moja peke yake, waumini wote wakiitikia. Swali lililokuwa mbele ya kwaya ya parokia lilikuwa dogo kwa maneno, lakini zito kwa maana: je, ni nani atakayeimba zaburi hiyo?

Walikuwapo mabinti wawili, wote wa miaka kumi na sita, wote wa mtaa mmoja, tena marafiki. Wa kwanza alikuwa na sauti ya soprano, yaani ile sauti ya juu kabisa ya kike, safi kama maji ya chemchemi, isiyo na doa kuanzia chini hadi juu. Wa pili naye alikuwa soprano, lakini sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, na ilipopanda juu ilikuwa kama kitambaa kinachokaribia kupasuka. Hata hivyo, alipokuwa akiimba, watu waliacha kujipepea. Huyu wa pili alikuwa yatima. Baba yake, askari polisi, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na jina lake lilikuwa miongoni mwa majina yatakayosomwa.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amekwisha mwambia binti huyu wa pili arudi nyuma, aimbe pamoja na wengine, kwa kuwa sauti yake "si ya kusimama mbele". Tangu siku hiyo binti aliacha kuimba hata jikoni. Bibi yake aliyemlea ndiye aliyelileta shauri hilo barazani kwa sajini.

HOJA YA SAJINI

Ingedhaniwa kwamba sajini, aliyekuwa rafiki wa marehemu, angemtetea mtoto wa rafiki yake. Haikuwa hivyo.

"Mama yangu," alimwambia bibi kwa adabu, "mimi nasema aimbe yule wa kwanza. Marehemu wetu wanastahili kilicho bora, na sauti iliyo bora ni ile iliyo safi. Tukimpa mjukuu wako zaburi hii kwa sababu ya kumhurumia, tutakuwa tumemtukana baba yake. Yule bwana namjua. Hakupenda kuhurumiwa hata siku moja."

Ama sajini ni mpenzi wa taarabu wa siku nyingi, na kipimo chake cha sauti ya kike ni Shakila wa Tanga. Wasomaji wengi wanamkumbuka bibi huyo, aliyepata sifa zake na kikundi cha Black Star na nyimbo kama "Macho Yanacheka", na aliyefariki mwaka 2016. Sauti ya Shakila ilikuwa ya juu, laini, yenye kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila kujikwaa. Sajini husema kwamba alipokuwa zamu za usiku, sauti hiyo katika redio ndogo ilimtosha blanketi. "Mtu aliyechoka," alisema, "hahitaji kukwaruzwa masikio. Anahitaji kupozwa moyo."

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Utamu wa sauti si pambo tupu. Mama anapombembeleza mtoto, mtoto hajui maneno. Anachokijua ni ulaini wa sauti, na kwa ulaini huo hulala. Ibihozo, nyimbo za kubembelezea watoto za hapa Burundi, zimelaza vizazi na vizazi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo wapenzi wa sauti tamu wana haki yao, na asili yao ni mlezi wa kila mmoja wetu.

BIBI NA INANGA

Bibi alinyamaza kitambo, kisha akajibu. "Mwanangu, sikuja kuomba huruma. Nimekuja kuomba msikilize. Hivi nyinyi mmesahau inanga?"

Kwa faida ya wasomaji walio mbali na Burundi, inanga ni chombo cha ubao uliochongwa kwa umbo la sinia refu, chenye nyuzi zilizotandazwa juu yake. Mwenye kuipiga hukiweka chombo mapajani na kuimba. Lakini haimbi kwa sauti, ananong'ona. Sauti ya kooni haisikiki kabisa, inasikika pumzi na maneno tu. Kwa kuwa Kirundi ni lugha ambayo maana ya neno hutegemea pia kupanda na kushuka kwa sauti, nyuzi za inanga ndizo zinazolipandisha na kulishusha neno, na mnong'ono huvalishwa muziki wa nyuzi. Masikio ya msikilizaji huviunganisha viwili hivyo, naye huapa kwamba amesikia mtu akiimba.

"Sasa niambie, mwanangu," alisema bibi, "yule mpiga inanga ana sauti tamu? Hana sauti kabisa! Lakini wazee wetu walimkalia kimya mpaka moto ukazimika. Kilichowakalisha ni nini?"

Sajini hakuwa na jibu la haraka. Bibi akaongeza habari ya akazehe, ile salamu ya kuimbwa ambayo wanawake wa milimani hupokezana wanapokutana. Mmoja huchukua maneno, mwenzake humjibu, na sauti zao hufungamana kama nyuzi za kikapu. Katika akazehe haulizwi mtu kama sauti yake ni nyororo. Kinachotazamwa ni kama amemjua anayemsalimu, akamtaja, na akamheshimu.

FUNDI WA BUYENZI AMTAJA SITI

Barazani alikuwapo pia fundi cherehani kutoka Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, aliyekuwa ameleta suruali ya sajini. Huyu naye hawezi kusikia taarabu ikitajwa akanyamaza. Alisema kuwa hata katika taarabu yenyewe, sajini ameshika tawi akaacha shina.

Shina, kwa maneno ya fundi, ni Siti binti Saad. Bibi huyo alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu, na watu wakaisikia sauti yake akinadi bidhaa njiani. Alipohamia mjini mwaka 1911, alifundishwa uimbaji na Ali Muhsin, mtu wa kikundi cha Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kutiwa sauti kwenye sahani za gramafoni za His Master's Voice, naye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliuzwa hivyo madukani. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akauandika wasifu wake.

"Siti walimcheka," alisema fundi. "Walimcheka kwa asili yake, wakamcheka kwa sura yake. Yeye aliwajibu kwa wimbo: uzuri wa sura si kitu pasipo akili. Na aliimba nini? Mapenzi aliimba, lakini aliimba pia habari za mjini." Akautaja wimbo wa "Kijiti", unaosimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi. "Habari kama hiyo," aliuliza fundi, "utaiimba kwa sauti ya asali? Ukiiimba kwa asali, utakuwa umemsaidia muuaji."

Kisha akamtaja Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyeurithi wimbo wa "Muhogo wa Jang'ombe" kutoka kwa Siti na kuuimba hadi uzeeni. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa nzito, yenye moshi na mikwaruzo, wala yeye hakujaribu kuificha. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, watu wa kila cheo walifurika mazishini. Hakuna aliyekwenda kumzika kwa sababu alikuwa na sauti laini.

Hapo fundi akatoa hoja yake ya mwisho, nayo ni nzuri. Neno taarabu, alisema, asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni ile hali ya mtu kuguswa na muziki hata akatikisika. Halina maana ya utamu. Kwa hiyo, wahenga waliolichagua jina hili waliupima muziki kwa kumtazama msikilizaji, si kwa kumchungulia mwimbaji kooni.

MABISHANO HAYA SI YETU PEKE YETU

Wakati huo wote, jirani mmoja alikuwa akisikiliza kimya. Huyu ni mwalimu mstaafu, mama wa makamo, aliyesomesha muziki miaka mingi, na barazani wote humwita Mama Mwalimu. Alisema ameyasikia mabishano haya haya katika vitabu na sahani za Ulaya, hasa katika opera.

Opera, ndugu msomaji, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake karibu yote huimbwa, wachezaji wakifuatwa na kundi kubwa la fidla, filimbi na tarumbeta. Kwa desturi hakuna kipaza sauti. Mwimbaji husimama mbele ya ukumbi wa watu elfu na zaidi, na sauti yake lazima ivuke muziki wote huo kwa nguvu ya pumzi zake mwenyewe. Huko, soprano ndiye aghalabu bibi arusi, mjane, malkia au mama anayefiwa.

Katika miaka ya 1950, wapenzi wa opera mjini Milan, Italia, waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikuwa la Renata Tebaldi, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1922, mwenye sauti iliyojaa, laini na sawasawa kutoka chini hadi juu. Kundi la pili lilikuwa la Maria Callas, aliyezaliwa New York mwaka 1923 kwa wazazi Wagiriki. Callas sauti yake ilibishaniwa tangu mwanzo. Ilikuwa kama sauti tatu zilizoshonwa pamoja, mishono ikaonekana, na noti za juu zilipokuwa kali zilitetemeka. Lakini alipoimba neno "kisu", watu walikiona kisu. Mashabiki wa makundi hayo mawili walizomeana ndani ya ukumbi, wakaandikiana maneno makali magazetini, kama wafanyavyo mashabiki wa kandanda.

"Na mwisho wake ulikuwa nini?" aliuliza sajini.

Mwisho wake, alisema Mama Mwalimu, unafaa kusimuliwa. Mwaka 1968, Tebaldi alikuwa akiimba katika ukumbi wa Metropolitan, New York. Callas alikuja akaketi kati ya watazamaji, na onyesho lilipokwisha alikwenda nyuma ya jukwaa. Wale wanawake wawili, ambao majina yao yalikuwa yamepigania magazetini kwa miaka mingi, walikumbatiana. Inaelekea wao wenyewe walikuwa wamekwisha fahamu jambo ambalo mashabiki wao hawakulifahamu: kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hangeweza kukipata hata kwa kukitamani.

Lakini ushahidi wenye nguvu zaidi, aliendelea, ni wa mtunzi Giuseppe Verdi. Mtunzi huyo aliigeuza tamthilia ya Shakespeare iitwayo Macbeth kuwa opera mwaka 1847. Tamthilia yenyewe wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1968 kwa tafsiri ya S. S. Mushi, kwa jina la "Makbeth". Ndani yake yumo mke wa Macbeth, anayemchochea mumewe kumwua mfalme. Mwaka 1848, opera hiyo ilipokuwa ikiandaliwa mjini Naples, Verdi alipata habari kwamba sehemu ya mke huyo amepewa mwimbaji Eugenia Tadolini, mwenye sauti nzuri isiyo na kasoro. Verdi aliandika barua kulalamika. Alieleza kwamba bibi huyo anaimba vizuri mno, na kwamba kwa mwanamke mwovu kama yule yeye alitaka sauti kavu, iliyozibana, yenye giza ndani yake.

"Mtunzi mwenyewe!" alisema Mama Mwalimu. "Mtu aliyeziandika noti, anaikataa sauti nzuri kwa sababu ni nzuri."

KWA NINI SAUTI YA JUU HUYAMEZA MANENO

Hapo mwandishi wenu aliuliza: kwani haiwezekani mtu awe na yote mawili, utamu na maana? Mama Mwalimu akajibu kwamba jambo hili lina sababu katika mwili wenyewe.

Sauti hutokana na mikunjo miwili midogo iliyomo ndani ya koo, ambayo hutetemeka pumzi ipitapo kati yake. Mwanamke anapozungumza, mikunjo hiyo hutetemeka yapata mara 200 kwa sekunde. Soprano anapoifikia ile noti ya juu inayoogopwa na wanakwaya, mikunjo hutetemeka zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Ili sauti hiyo itoke bila kubanwa, hulazimika kupanua kinywa na kulegeza taya. Basi, kinywa kikisha panuka hivyo, irabu zote huanza kufanana: i na u hukaribia kuwa a. Neno "mtini" na neno "mtuni" masikioni huwa kitu kimoja.

Kwa hiyo mwimbaji wa sauti ya juu yuko njia panda kila wakati. Akiitunza noti, neno linafifia. Akilikazania neno, noti inapungua utamu. Mwimbaji bora ndiye anayejua ni wapi atoe sadaka ya noti ili neno lipite, na ni wapi aliache neno lilale ili noti ing'ae. Mwenye kuchagua hivyo kwa kujua huyo ni fundi. Mwenye kufanya hivyo kwa kushindwa huyo bado ni mwanafunzi. Kosa la wengi wetu, alisema, ni kuwachanganya hao wawili: tunamwita fundi mwanafunzi kwa kuwa ametoa sadaka, na tunamwita mwanafunzi fundi kwa kuwa amepiga kelele.

Kisha alimgeukia sajini. "Afande, nikuulize wewe uliyefundisha kuruta. Amri ya gwaride hutolewaje?"

Sajini alikaa wima, kama aliyeitwa. Akaeleza kuwa amri huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kutayarisha, nayo huvutwa, ili askari ajue kitakachokuja. Ya pili ni ya kutekeleza, nayo hukatwa ghafla, kama panga.

"Na sauti yako ilikuwa tamu?"

"La, hasha."

"Kuruta waliifuata?"

Sajini alicheka, akatikisa kichwa. "Kama mtu mmoja." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini: "Lakini Mama Mwalimu, amri si sala."

Hilo nalo ni kweli, na hakuna aliyelipinga.

BINTI MWENYEWE ASEMA

Wakati huo binti wa pili alikuwa ameleta chai na maandazi, na bila shaka alikuwa ameyasikia yote kutoka ndani. Bibi yake alimwambia azungumze, asiogope. Aliweka sinia chini, akasema maneno ambayo mwandishi wenu aliyaandika papo hapo:

"Babu sajini, mimi pia sitaki kuimba kwa sababu ya baba. Nikiimba kwa sababu ya baba nitalia, na mtu anayelia hawezi kuimba. Nilijaribu chumbani, nikaona. Nataka kuimba kwa sababu ile zaburi naielewa."

Baraza ilinyamaza. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa amelisema jambo ambalo wakubwa walikuwa wakilizunguka tangu saa kumi na moja. Hisia katika uimbaji si machozi ya mwimbaji. Machozi hulibana koo na kuikata pumzi. Mwenye kuimba msiba lazima awe amekwisha uvuka, asimame ng'ambo, awanyoshee mkono walio bado majini.

Mama Mwalimu alimwuliza swali moja tu: mkwaruzo huo ulianza lini? Binti akajibu kuwa ni wa tangu utoto, na kwamba mwaka uliopita bibi yake alimpeleka kwa daktari, akachunguzwa koo, pasionekane ugonjwa. Mama Mwalimu akapumua. "Basi hiyo si kasoro. Hiyo ndiyo sauti yake." Ikakubaliwa kwamba yeye na sajini wamwendee mwalimu wa kwaya, si kumlazimisha, bali kumwomba awasikilize mabinti wote wawili upya, kila mmoja akiimba zaburi ile nzima, maneno na yote, naye aamue.

KWA WAZAZI WENYE WATOTO WAIMBAJI

Kabla hatujamaliza, yafaa tuyaandike mashauri machache ya Mama Mwalimu kwa ajili ya nyumba zetu, na hasa kwa askari ambao kazi yao ni kupaza sauti kila siku.

Kwanza, mkwaruzo wa kuzaliwa nao si ugonjwa. Lakini mkwaruzo mpya ni jambo la kuangaliwa. Sauti ikikauka kwa zaidi ya majuma matatu bila kurudi, mtu na aende kwa daktari, awe mtoto au sajini.

Pili, sauti hutoka kwenye pumzi, si kwenye koo. Mtoto afundishwe kuvuta pumzi hata tumbo na mbavu zipanuke, na mabega yasipande. Anayeimba au kutoa amri kwa kukaza shingo ataiharibu sauti yake mapema.

Tatu, maji ya kunywa, usingizi, na kujiepusha na moshi wa sigara na wa jikoni ni rafiki wa koo. Watu hupenda kusema kwamba Bi Kidude alivuta sigara na akaimba. Lakini asiige mtu, kwani kila aliyeungua hakugeuka dhahabu.

Nne, mtu akiwa na mafua na sauti imekauka, asinong'one kwa nguvu ili asikike, wala asipige kelele. Anyamaze. Mpiga inanga hunong'ona taratibu kwa ufundi aliojifunza. Mgonjwa hunong'ona kwa kukaza koo, na hujiumiza.

Tano, na hili ndilo kubwa: mtoto asiambiwe kamwe kwamba sauti yake ni mbaya. Aambiwe ni wapi neno halikusikika, ni wapi pumzi ilikwisha, ni wapi aliharakisha. Hayo yanarekebishika. Neno "mbaya" halirekebishiki. Humfunga mtoto mdomo, na pengine ukafungwa maisha.

TAREHE 2 NOVEMBA

Mwalimu wa kwaya aliwasikiliza mabinti wote wawili. Zaburi akampa yule wa pili. Yule wa kwanza alipewa wimbo wa shukrani wa mwisho wa ibada, wimbo wa furaha unaopanda juu sana, ambao kwa hakika mwenzake asingeuweza. Watu waliouliza kama aliona vibaya waliwakuta wote wawili nyuma ya kanisa siku za mazoezi, mmoja akimwonyesha mwenzake namna ya kuvuta pumzi kabla ya mstari mrefu, na mwenzake akimweleza maana ya mstari huo.

Siku yenyewe ilifika. Majina yalisomwa. Binti alisimama, akaimba polepole, bila kulia. Katika ubeti wa pili sauti ilikwaruza alipopanda, naye hakuikimbia noti ile, aliishika mpaka neno lilipokwisha. Waumini waliitikia kwa sauti ya chini kuliko desturi. Wanaume waliovaa sare walikuwa wengi siku hiyo, na wengi wao walitazama sakafu.

Jioni ile barazani, sajini aliketi mahali pake, akanywa chai yake kimya. Bibi alimwuliza anasemaje.

"Mama yangu," alijibu, "sauti ya yule mwenzake bado ndiyo nzuri zaidi. Hilo sitalibadili. Lakini leo, mtoto alipokuwa akiimba, sikukumbuka kupima."

Ndani, mtu alifungua redio. Bibi alisikiliza kidogo, kisha akasema izimwe, kwa maana jikoni mjukuu wake alikuwa akiosha vyombo, naye alikuwa anaimba.